Jina la Kipande Chako cha Piano: Mwongozo Kamili wa Kulichagua

Kipande kifupi cha piano hakina mashairi wala mwimbaji. Kinachukua dakika moja, mbili, labda tatu, kisha kimekwisha. Katika muda huo, jina ndilo neno pekee linalomfikia msikilizaji, tena humfikia kabla ya noti ya kwanza. Kwa mpigaji lina kazi kubwa zaidi, kwa sababu humwelekeza namna ya kugusa vitufe hata kabla hajasoma alama ya mwendo. Andika "Kijito" juu ya ukurasa, mpigaji atalegeza kiganja. Andika "Chuma" juu ya noti zilezile, atakaza vidole.

Ndiyo maana swali la kuanzia si "nilijisikiaje nilipokuwa natunga?" Swali ni: muziki huu unafanya nini, na neno gani litamsaidia mtu kukisikia kinachofanyika? Hatua zote zinazofuata zinatoka kwenye swali hilo. Utahitaji rekodi ya kipande, hata ile ya simu, pamoja na nakala ya noti, karatasi na kalamu. Kazi yenyewe haizidi saa mbili, lakini itawanye ndani ya siku kumi hivi.

Kipe jina la muda kwanza

Ukilibandika jina mapema, jina hugeuka bwana na muziki ukawa mtumwa. Mtu akishaandika "Mvua" akiwa kwenye kipimo cha nane tu (kipimo ni kundi moja la mapigo kati ya mistari miwili ya wima kwenye noti), mara anaanza kuongeza noti za juu za kudonadona ambazo melodia haikuzihitaji. Kipande kilichokuwa kinaelekea mahali pake kinavutwa kwenda kuigiza matone.

Wakati wa kutunga, tumia lebo kavu: ufunguo, mwendo na mwezi. "A maina, 72, Machi" inatosha (maina ni ufunguo wenye sauti ya kihuzuni, na 72 ni mapigo kwa dakika). Lebo ya namna hiyo haikuahidi chochote, na inakusaidia kutofautisha faili kumi zilizo kwenye kompyuta. Usiihifadhi kwa jina kama "wimbo mpya" au "mwisho kabisa", maana baada ya miezi miwili utakuwa na "mwisho kabisa" nne.

Vipo vipande vinavyozaliwa na jina, kwa mfano ulivyoombwa kwa ajili ya tukio fulani, au vilivyopangwa tangu mwanzo kueleza picha moja. Hivyo viache na jina lake, lakini vipitishe kwenye mchujo ulio hapa chini kama vingine vyote.

Andika yanayosikika

Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha jina lililokaa sawa na jina la kubahatisha. Sikiliza kipande mara tatu: mara ya kwanza bila kutazama noti, mara ya pili ukifuata noti kwa macho, mara ya tatu ukikipiga mwenyewe kwa nusu ya mwendo wake. Kila mara andika mambo yanayoweza kuthibitishwa na mtu mwingine. Lenga mambo manane hadi kumi na mawili. Maneno ya hisia (huzuni, furaha, upweke) yamepigwa marufuku kwenye orodha hii.

Ukikwama, jiulize: kipande kinaanzia pigo lipi? Mkono wa kushoto unafanya nini, na unaacha lini? Melodia inapanda kwa hatua ndogondogo au inaruka? Noti ya juu kabisa iko wapi? Kuna ukimya? Ni kitu gani kinarudi, na kikirudi kimebadilika nini? Mwisho umetua au umening'inia?

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Kipande kiko A maina, mapigo matatu kwa kila kipimo, mwendo ni mapigo 72 kwa dakika, kina vipimo 32. Yaani mapigo 96, sawa na dakika moja na sekunde 20. Orodha yake inaweza kuwa hivi:

Mkono wa kushoto unapiga A, E, C, noti moja kwa kila pigo, bila kubadilika toka kipimo cha 1 hadi cha 16.
Melodia inaanzia pigo la tatu, kabla ya kipimo kamili cha kwanza: E fupi, kisha A ndefu iliyo juu yake, kisha G.
Inaruka kwenda juu, halafu inarudi kwa hatua mpaka E ilikotoka. Inafanya hivyo mara sita.
Haivuki C ya juu hata mara moja.
Vipimo vya 17 na 18 mkono wa kushoto umenyamaza kabisa.
Kipimo cha 19 unaanza tena mwenendo uleule, oktavu moja chini.
Sauti haizidi ukubwa wa wastani.
Noti ya mwisho ni E peke yake, pedali imeshikiliwa, na A ya besi haipo.

Orodha hii haina ushairi wowote, na ndivyo inavyotakiwa. Ndani yake tayari kuna kwenda na kurudi, kusimama katikati, kuendelea kwa chini zaidi, na mwisho usiotua. Kila jina litakalopendekezwa baadaye litapimwa kwa mambo haya manane.

Amua: jina la umbo au jina la picha?

Majina ya vipande vya piano yako ya aina mbili kubwa. Jina la umbo husema kipande kimejengwaje: preludi, walsi, nokturni, etudi. Jina la picha huelekeza fikra kwenye kitu, mahali, tendo au wakati. Ukichanganya aina hizi bila kujua unachofanya, mpigaji mzoefu atagundua mara moja, kwa kuwa kila jina la umbo lina ahadi zake.

Walsi huahidi mapigo matatu na uzito kwenye pigo la kwanza. Nokturni, umbo lililoanzishwa na John Field wa Ireland na kukuzwa na Chopin, huahidi melodia ya kuimbika mkono wa kulia juu ya kodi (noti kadhaa za kundi moja) zilizotawanywa kwa upana mkono wa kushoto, kwa mwendo wa taratibu. Etudi inashughulikia tatizo moja la ufundi toka mwanzo hadi mwisho, kwa mfano oktavu, au noti mbili kwa mkono mmoja. Kama kipande chako hakina tatizo hilo, usikiite etudi eti kwa sababu ni kigumu. Barkaroli huyumba kama mtumbwi na kwa kawaida huandikwa 6/8 au 12/8. Tokata ni kasi na vidole. Bagateli ni kijipande chepesi kisicho na madai makubwa. Preludi ndiyo jina pana kuliko yote, linabeba karibu kila kitu kifupi chenye wazo moja, na kwa hiyo ndilo kimbilio salama la anayeanza.

Kosa la mara kwa mara ni "Sonata". Sonata ni kazi yenye sehemu kadhaa, au angalau sehemu moja yenye mada zinazopambana, kuendelezwa na kurejea. Dakika mbili zenye wazo moja si sonata, na ukiziita hivyo msikilizaji anayejua atakaa akingoja kilichobaki.

Kwa mfano wetu, "Walsi" ingekubalika kwa hesabu ya mapigo, ila mkono wa kushoto haupigi besi kisha kodi mbili kama walsi ilivyozoeleka. Unatembea noti moja moja. Mtu akiona "Walsi" atasisitiza pigo la kwanza kupita kiasi na kuharibu utulivu. "Preludi katika A Maina" ingekuwa sahihi bila kuleta shida. Sahihi, lakini haimsaidii mtu kusikia lile jambo la vipimo 17 na 18, ambalo ndilo moyo wa kipande. Hapo jina la picha lina sababu ya kuwepo.

Kuhusu namba: usiandike "Preludi Na. 1" mpaka Na. 2 iwepo kwenye karatasi, si kichwani. Na namba za opus, yaani namba za mpangilio wa kazi za mtunzi, ziache hadi uwe na mkusanyiko unaohitaji kupangwa. Mtunzi mwenye vipande vitatu anayeandika "Op. 1" anajipa kazi ya ukarani bila sababu.

Zalisha majina mengi, upesi

Weka saa dakika ishirini. Andika majina thelathini, usifute hata moja. Yale kumi ya kwanza karibu yote yatakuwa yaliyozoeleka kwa sababu ndiyo yaliyo karibu na ulimi. Mazuri huanza kujitokeza baada ya la kumi na tano, pale unapokuwa umechoka kujipamba.

Chota kutoka pande hizi, na usikae kwenye upande mmoja tu: tendo ambalo muziki unafanya (kupanda, kusita, kuzunguka), kitu kinachofanya tendo hilo duniani (pembea, gurudumu, pazia), mahali (ngazini, dirishani, ukingoni), wakati (alfajiri, baada ya chakula, kabla ya kulala), neno ambalo mtu angelisema (bado, njoo, basi), na jambo la ufundi lililo ndani ya noti zenyewe (vitufe vyeusi tu, mkono mmoja, noti tano). Upande huu wa mwisho hudharauliwa bure. Kipande kinachotumia noti tano tu kikiitwa "Noti Tano", msikilizaji anaanza kuhesabu, na akianza kuhesabu anasikiliza.

Mfano wetu unaweza kutoa: Huzuni, Kumbukumbu za Jana, Machozi ya Mwezi, Safari, Upweke, Kupanda na Kurudi, Ngazini, Bado, Mlango Haujafungwa, Vipimo Viwili vya Kimya, Pembea, Pembea Tupu, Anayesita, Nusu ya Njia. Tuishie hapo, tayari yapo ya kubishaniwa.

Chuja

Kwanza ondoa majina ya hisia tupu. "Huzuni" na "Upweke" hayana kosa la lugha. Kasoro yake ni kwamba yanamwamuru msikilizaji ajisikie vipi, na msikilizaji huyo hapendi kuamriwa. Zaidi ya hayo, muziki ulio kwenye ufunguo wa maina, wa taratibu na wa sauti ndogo umeshasema huzuni. Jina likirudia kilekile, limepoteza nafasi yake.

Ondoa pia majina yanayofaa kipande chochote. Jaribio lake ni jepesi: chukua kipande chako kingine, tofauti kabisa, ukipe jina hilo. Likikaa bila tatizo, basi halikuwa la hiki. "Safari" na "Kumbukumbu za Jana" zinaanguka hapa. "Machozi ya Mwezi" inaanguka kwa sababu nyingine: nomino mbili nzito zimefungwa kwa kiunganishi, na hakuna hata moja inayosikika kwenye noti. Mwandiko wa aina hii unapendwa sana, ukiuona kwenye orodha yako mara tatu ujue mkono umeanza kuandika peke yake.

Yaliyobaki yapime kwa orodha ya yanayosikika. Jina zuri hugusa mambo matatu au zaidi, na halipingwi na hata moja. "Ngazini" linavutia: kupanda, kushuka. Lakini ngazi hupandwa hatua moja moja, na melodia yetu inaruka kwenda juu kwa mkupuo kutoka E hadi A. Hatua zipo wakati wa kushuka tu. Jina linapingana na noti, kwa hiyo litoke. "Bado" linaeleza mwisho usiotua, basi. Halisemi kitu juu ya mwendo wa vipimo 16 vya kwanza. "Vipimo Viwili vya Kimya" ni jina la kuchekesha kidogo na si baya, ila linamfichulia msikilizaji jambo pekee la kushtukiza lililomo.

"Pembea" linagusa nini? Kwenda juu kwa mkupuo na kurudi pale pale. Kutovuka kimo fulani. Mapigo matatu yanayoyumba. Kusimama. Kuanza tena chini zaidi, kama pembea inayopungua nguvu. Mwisho unaoning'inia. Ni mambo sita kati ya manane, na hayo mawili yaliyobaki hayapingi.

Sasa tazama "Pembea Tupu". Neno moja zaidi, na kila kitu kimebadilika: mtoto ameondoka, kuna msiba au angalau mtu anakumbukwa. Huenda ndivyo ulivyowaza ulipotunga. Lakini neno "tupu" linafanya kazi ambayo vipimo vya 17 na 18 vinaifanya vizuri zaidi kwa kunyamaza. Ukishalisema kwenye jina, ukimya ule unakuwa kielelezo tu. Kanuni tunayoifuata: jina litaje kitu, muziki useme kilichokipata kitu hicho.

Ukitunga jina kwa Kiswahili

Watunzi wengi hukimbilia lugha za kigeni kwa majina ya piano kwa sababu alama za mwendo zimezoeleka kwa Kiitaliano. Si lazima. Kiswahili kina nyenzo ambazo kwa kipande kifupi zinafaa mno.

Kiambishi -ni hukupa mahali kwa neno moja: "Dirishani" ni jepesi kuliko "Kwenye Dirisha", na halimlazimishi mtu kuamua kama yuko ndani au nje. Ukiligeuza neno likaingia ngeli ya ki- au ka-, umeshaonyesha ukubwa wa kipande bila kuongeza kivumishi: mto ukawa kijito, mlima ukawa kilima. Kurudufu kunachora mwendo: "Matone Matone" ni tofauti na "Matone", la kwanza linadondoka. Tanakali za sauti (chubwi, tii, ndi) ni hazina kwa vipande vya watoto na vya mzaha, ingawa kwa kipande cha taratibu zinaweza kuleta kicheko usichokitaka.

Kitenzi nacho kina maamuzi yake. "Kungoja" ni tendo lisilo na mwenyewe. "Anangoja" limeleta mtu. "Alingoja" limeleta mtu na limeshamaliza hadithi. Kwa kipande kisichotua mwishoni, wakati uliopita ni kosa, kwa kuwa jina linafunga mlango ambao noti zimeuacha wazi.

Halafu kuna mkazo. Maneno ya Kiswahili kwa kawaida huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo jina lina mdundo unaojulikana mapema. Litamke juu ya noti za mwanzo. Pe-mbe-a: silabi dhaifu, silabi yenye mkazo, silabi dhaifu. Melodia yetu: E fupi kwenye pigo la tatu, A ndefu kwenye pigo la kwanza, G. Vinaoana kama kidole na pete. "Bado" lina mkazo mwanzoni na lingetaka kipande kianzie pigo la kwanza. Hakuna sheria inayolazimisha jina liimbike juu ya melodia, na majina mengi mazuri hayaimbiki hivyo. Ila majina mawili yakilingana kwa mengine yote, chagua linaloimbika, kwa maana mpigaji atalibeba kichwani na litamwongoza mahali pa kuweka uzito.

Jambo la maandishi: herufi kubwa mwanzoni mwa maneno makuu, ndogo kwa viunganishi (wa, ya, na, kwa). "Kupanda na Kurudi", si "KUPANDA NA KURUDI". Nukta mwishoni haitakiwi. Alama ya kuuliza itumike pale tu swali linaposikika, kwa mfano kipande kinachoisha kwenye kodi isiyotatuliwa.

Kiasi gani kisemwe, na kisemwe wapi

Wakongwe hawakukubaliana juu ya hili, na kutokubaliana kwao ni somo. Chopin aliita vipande vyake kwa umbo na namba. Mchapishaji wake wa London, Wessel, alipoviongezea majina ya kimapenzi ili viuzike, Chopin alilalamika kwenye barua zake. Schumann alikuwa upande wa pili, akipenda majina ya picha, lakini kwa vipande 13 vya Kinderszenen (Picha za Utotoni) vya mwaka 1838 alieleza kwamba majina yalikuja baada ya muziki, yakiwa dokezo la namna ya kupiga na kuelewa. Debussy alipata njia ya kati. Katika vitabu viwili vya Préludes, cha 1910 na cha 1913, kila kipande kina namba ya Kirumi juu, na jina limewekwa chini kabisa baada ya kipimo cha mwisho, ndani ya mabano, likitanguliwa na nukta tatu. Mpigaji anapiga kwanza, kisha ndipo anaambiwa.

Mbinu ya Debussy unaweza kuiazima kwenye ukurasa wa noti. Kwenye mtandao wa kusikilizia muziki haifanyi kazi, kwani huko jina hutangulia daima.

Na ukiacha pengo, wengine watalijaza. Sonata ya Beethoven ya Op. 27 Na. 2, iliyochapishwa 1802, yeye aliitambulisha kama sonata iliyo "karibu na fantasia". Jina la mbalamwezi lilitokana na mkosoaji Ludwig Rellstab, aliyeifananisha na mwanga wa mwezi ziwani, na likaganda baada ya Beethoven kufa. Leo ni wachache wanaokumbuka lile la kwanza.

Jina dogo la chini litumike kwa habari, si kwa mapambo. "Pembea" na chini yake "kwa mkono wa kushoto unaotembea" ni mapambo. "Pembea" na chini yake "Preludi katika A maina" ni habari: linamwambia mwalimu kipande kiweke kwenye kundi gani, na linasaidia kulitofautisha na vipande vingine vyenye jina hilohilo. Maneno ya kumtunuku mtu yaandikwe kwenye mstari wake, juu ya jina au chini yake, kwa herufi ndogo. Ukimwingiza mtu kwenye jina lenyewe, kipande kinakuwa barua ya faragha. Tena watafiti watabishana baadaye, kama wanavyobishana mpaka leo Elise wa "Für Elise" (Kwa Elise), bagateli ya Beethoven ya 1810, alikuwa nani.

Kama kipande ni sehemu ya mkusanyiko, majina yasomwe pamoja kama orodha kabla ya kuamua. Yote yawe ya familia moja ya sarufi: yote mahali, au yote vitu, au yote matendo. "Dirishani, Ngazini, Ukingoni, Huzuni Yangu" ina mgeni. Satie, kwa Gymnopédies zake tatu za 1888, alitumia neno moja na namba tu, na tofauti akaiweka kwenye alama ya mwendo: zote taratibu, moja kwa uchungu, moja kwa huzuni, moja kwa uzito. Kwa vipande vinavyofanana sana, huo ni utatuzi safi.

Jaribu kwa masikio ya watu

Baki na majina matatu. Tafuta watu watano au sita, angalau wawili wawe hawapigi ala yoyote. Wapigie kipande bila jina na uwaulize swali moja: "Umeona nini, au nini kimetokea?" Andika majibu yao kwa maneno yao. Usiwaulize kama wamependa, watakuambia ndiyo.

Kisha wape jina moja na uwapigie tena. Unachotafuta ni sentensi ya aina hii: "Kumbe pale katikati pembea ilisimama." Hapo jina limemfungulia mtu jambo la kwenye noti. Akisema tu "jina zuri", halijafanya kazi. Akiuliza "kwa nini linaitwa hivyo?" nawe ukahitaji zaidi ya sentensi moja kujibu, lipunguze alama. Kila msikilizaji apewe jina moja tu. Ukiwapa yote matatu watachagua linalosikika vizuri mdomoni, na hilo ni shindano jingine.

Litangaze kwa sauti pia, kama mwendesha sherehe: "Kipande kinachofuata ni..." Majina yenye maneno manne au zaidi hukwama hapa. Jina ambalo mtu lazima aliulize tahajia yake nalo hukwama, kwa kuwa atakayelisikia leo hataweza kulitafuta kesho.

Baada ya hapo liache siku saba. Usilitaje. Siku ya nane fungua noti. Ukijikuta unaliona aibu kidogo, rudi kwenye mawili yaliyobaki.

Lichunguze, kisha liandike popote linapotakiwa

Litafute kwenye mtandao pamoja na neno piano. Jina kufanana na la mwingine si kosa lenyewe. Katika nchi nyingi hakimiliki hailindi jina peke yake, na ofisi ya hakimiliki ya Marekani husema wazi kwamba haisajili majina na vifungu vifupi vya maneno. Lakini majina ya kibiashara yaliyosajiliwa kama alama ni suala jingine, yaepuke. Na kuna busara ya kawaida: kama kuna kipande cha piano mashuhuri chenye jina hilo, chako kitakuwa kinatafutwa chini ya kivuli chake. Ongeza jina dogo la chini au badilisha.

Kwenye ukurasa wa noti, jina hukaa katikati juu, kwa herufi za ukubwa wa nukta 20 hadi 24. Jina dogo likae chini yake kwa nukta 12 hadi 14, jina la mtunzi kulia, na alama ya mwendo kushoto juu ya kipimo cha kwanza. Programu za kuandikia noti zina sehemu mbili za jina, yaani maandishi yanayoonekana kwenye ukurasa na taarifa za ndani ya faili. Watu husahau ya pili, na PDF inakwenda kwa mwalimu ikiitwa "Untitled" ilhali juu ya ukurasa pameandikwa vizuri.

Kwenye usambazaji wa rekodi, jina la kipande liwe jina tu. Usitie jina lako ndani yake, wala "rasmi", wala vikatuni vya hisia, wala herufi kubwa zote. Wasambazaji wengi huzirudisha. Majina marefu hukatwa kwenye skrini ya simu, kwa hiyo neno la maana litangulie. Tahajia iwe ileile kila mahali, hadi kwenye herufi kubwa na ndogo. Rekodi hutambulishwa kwa msimbo wa ISRC wenye herufi na tarakimu 12, na utunzi wenyewe kwa ISWC, unaoanza na T na kufuatiwa na tarakimu 10. Chama cha kukusanya mirabaha kikiwa na "Pembea" na msambazaji akiwa na "Pembea (Preludi)", malipo yanaweza kukaa bila kuunganishwa na mtu.

Jina likikataa kuja

Hutokea. Umepita hatua zote na hakuna jina linaloshika zaidi ya mambo mawili kwenye orodha. Mara nyingi maana yake ni kwamba kipande kina mawazo mawili yasiyopatana, na jina limeyafichua. Tazama kama kipimo cha 20 na kuendelea si kipande kingine kilichojiunga bila kualikwa.

Kama muziki uko sawa, tumia umbo na ufunguo bila aibu, au alama ya mwendo yenyewe. Schumann, katika Album für die Jugend aliyoitunga 1848, ana vipande 43. Vitatu kati yake havina jina, juu yake pana nyota tatu tu.

Kubadilisha baadaye kunaruhusiwa. Kipande cha Grieg kinachojulikana leo kama siku ya harusi huko Troldhaugen, nyumbani kwake mtunzi huyo, kilianza na jina linalosema wapongezaji wanakuja. Ila kabla ya kuchapisha kubadilisha ni kufuta neno moja, na baada ya kusajili ni barua. Jina la zamani lisajiliwe kama jina mbadala, ISWC ibaki ileile kwa sababu utunzi ni uleule, na kwenye ukurasa wa noti mpya uandike kwa herufi ndogo chini: "awali kiliitwa..." Aliyekipiga mwaka jana akitafuta kwa jina la kale, atakipata.